Meno ku Kichwa ya Batri ya Kalenga

Ninyi batoto munapitaka ku barabara ya Ruashi na pikipiki, munafinya buto ya kuwasha mara mbili, kiisha munasema batri imekufa: mungoje kwanza. Mimi niliikala miaka mingi nyuma ya meza ya mbao, nikichaji batri ya bantu. Zile zilikufa kweli zilikuwa kidogo. Mingi bantu balizizika zikiwa nzima. Leo magoti yangu inakataa kuinama, na meza nimeachia binti yangu. Kazi iko yake. Kusema kungali kwangu.

Sikusoma sana. Nilijifunza kuandika jina yangu na kuhesabu, kiisha mama akaniita nikauzishe bitumbula, ile mandazi ya mafuta. Basi ninaandika vile ninasemaka. Mwenye kuona kosa mu maandiko yangu ainyamazie, juu siku moja batri yake itapita ku meza yetu.

Nitaelezea ninyi mambo ya Kalenga, juu mu mambo yake muko karibu kila kintu muntu anapaswa kujua juu ya batri yenye inakosa nguvu. Na mambo ya kuoa iko ndani, kwa bale habapendi mambo ya batri.

Kalenga iko motari. Anabeba bantu ku pikipiki toka Ruashi mpaka mu ville, katikati ya muji, saa ingine mpaka ku Luano, fasi ya ndege. Iko murefu, anacheka mbio, na moyo yake yote ilikuwa kwa Mwadi, binti ya Papa Kabange wa Bel-Air. Papa Kabange, yeye, alifanya kazi ya treni mpaka akapumzika, na hata leo akitembea mu parcelle yake, kiwanja ya nyumba, unaweza kuwaza treni nzima iko inamufwata.

Kalenga alikuwa anapanga chumba ku Ruashi mu parcelle yenye haina ukuta. Fasi ile, pikipiki ikilala inje, asubui unakuta alama ya mafuta tu ku udongo. Papa Kabange alikuwa na ukuta, na mulango ya chuma, na mbwa moja mwenye roho mubaya. Mwadi akaombea, mama yake akaombea, mwisho muzee akakubali. Lakini alisema mbele ya bote: "Pikipiki italala hapa. Mwenye pikipiki atalala kwao."

Basi kila mangaribi Kalenga alikuwa anaacha pikipiki ku Bel-Air, na kila asubui anakuya kuichukua. Na kila asubui ilikuwa mambo moja. Anafinya buto, inasema tak-tak-tak, inanyamaza. Kiki, ile chuma ya kupiga na muguu, ilikuwa imechoka zamani, inazunguka bure. Alikuwa anaita bajirani basukume. Vijana ba Bel-Air balizoea, bengine banatoka na burosi ya meno mu kinywa, banasukuma mpaka ku kona, pikipiki inakohoa, inaenda. Na Papa Kabange anasimama ku mulango na kikombe yake ya chai, anatazama yote, sawa vile balikuwa banamulipa kwa kutazama.

Asubui moja akasema ile neno yenye ilileta Kalenga kwangu. Alisema mwanaume wa kusukumwa kila siku hawezi kubeba mutoto yake. Bakubwa ba Kalenga bakuye kujitambulisha, hakatai. Lakini siku ile, mbele ya maneno yote, kijana atawasha pikipiki yake pale mu parcelle. Ikiwaka, baikale. Ikikataa, barudie ku mulango, na pikipiki ibafwate.

Kalenga akafika kwangu na jasho.

"Kambo," akasema, vile bote banaitaka nyanya muzee sawa mimi, "batri inaninyanganya muke."

"Muke haujamupata bado," nikamwambia. "Leta pikipiki hapa karibu, na uzime kwanza ile kinywa."

Mbele ya kushika ufunguo ya bolti, sikilizeni. Mimi ufundi huu niliuingia kwa masikio. Meza yangu ya bitumbula ilikuwa karibu na kibanda ya Papa Numbi, muzee mufupi mwenye kuchaji batri ya bakamiyo, motokari kubwa za mizigo. Siku mingi nilikuwa ninageuza bitumbula mu mafuta na kumusikia anavyouliza bantu: inalia namna gani? Hakuwa anauliza ilinunuliwa wapi, wala ni ya mwaka gani. Inalia namna gani. Siku moja akaniambia batri iko sawa bibi yake: mbele ya kunyamaza kabisa, ilikuwa imesema mara mingi, na yeye hakusikia. Nikamuuliza kama bibi yake anajua anafananishwa na batri. Akasema anajua, njo maana yeye, bwana yake, anakulaka bitumbula byangu saa sita.

Basi njo hivi. Ukifinya buto na unasikia tak-tak-tak ya mbio, ile njo sauti ya njaa. Umeme iko, lakini haitoshe kuzungusha injini. Ukisikia injini inazunguka polepole, inalia sawa muntu anapandisha gunia ya makala ya kupikia, ni njaa pia, lakini ya mwanzo. Ukisikia kimya kabisa, hakuna taa hakuna sauti, usilaumu batri. Kimya inatokaka ku waya iliyotoka, ku fusible, ile fyuzi, iliyoungua, ao ku muntu mwenyewe.

Juu muhubiri moja alisukuma pikipiki yake toka Luano mpaka kwangu. Mu jua. Na koti. Akafika akaniambia batri imekufa, anaomba nimuambie ukweli, iko tayari. Nikatazama ku mukono ya kuume ya usukani, nikaona kale kabuto kekundu ka kuzima injini kameshushwa. Nikakapandisha na kidole. Pikipiki ikawaka. Muhubiri akavua koti. Akaikala chini, kiisha akaomba maji, na ule mwaka wote hakuhubiri tena juu ya kuvumilia.

Ya Kalenga ilikuwa inasema tak-tak-tak. Nikamwambia awashe taa ya mbele na apige honi. Ile njo kipimo ya bure, kila muntu anaweza kuifanya hata kama hana chombo. Honi ikilia na nguvu na taa haishituki, batri iko salama, tafuta kwingine. Honi ikilia sawa mbuzi na taa inafifia, batri haina nguvu. Ya Kalenga ililia sawa mbuzi anaaga ndugu zake.

Bantu bawili balikuwa banangojea ku meza bakacheka. Kalenga akakunja uso.

Nikafungua kifuniko ya pembeni, nikatazama. Kwanza unatazama tumbo. Batri ikivimba tumbo, ilipikwa na umeme mingi, usiihurumie. Kiisha unanusa. Ikinuka yai yenye kuoza, usilete moto karibu, hata sigara. Kiisha unatazama bichwa, pale waya inafungwa. Kama kuna unga mweupe ao wa kijani, unaosha na maji ya moto na bikarbonati ya mikate, unakausha, unakaza. Batri mingi zenye niliponyesha mu maisha yangu niliziponyesha na ufunguo ya kumi na kitambaa. Bolti ilikuwa imelegea, ni ile tu. Bantu banatukana batri, kumbe bolti.

Na ukifungua, uanze na waya nyeusi. Ukirudisha, nyeusi iwe ya mwisho. Papa Numbi alianza na nyekundu siku moja akiwa na haraka, ufunguo yake ikagusa chuma ya kamiyo, cheche ikaruka, na ule ufunguo ukabaki na kidonda mpaka alipokufa. Alikuwa anautundika ku ukuta fasi bengine banatundikaka picha ya ndoa.

Bichwa bya batri ya Kalenga bilikuwa safi. Bolti imekazwa. Tumbo sawa. Na batri yenyewe ilikuwa mupya.

"Hii uliweka wakati gani?" nikamuuliza.

Akasema haikupita mwezi. Ya mbele yake ilikufa. Nikamuuliza ilikufa namna gani, akaanza kutazama viatu yake. Pole pole akasema. Ilipoanza kukosa nguvu, benzake ku parking balimwambia asidi imepungua. Na hapa kwetu asidi haikosekanake. Bakamiyo inapita kila siku na asidi ya kuosha mabuye ya shaba, na siku zote kuko muntu mwenye kidumu ya manjano nyuma ya nyumba, hakuna anayeuliza ilifika je. Kalenga akanunua chupa, akajaza batri mpaka juu.

Sikilizeni muzuri hapa, juu hii kosa ni yetu sisi ba huku, nimeiona kuliko zote. Mu batri ya maji, maji njo yenye inapotea na joto. Asidi inabakia ndani. Kwa hiyo unaongeza maji safi ya batri, mpaka ku mustari, si kupita. Ukiongeza asidi, na zaidi ile kali ya machimbo, ni kama mugonjwa ameomba maji na wewe umemupa lutuku, pombe kali. Anaamka. Anaimba. Asubui moja batri ya Kalenga iliwasha pikipiki mupaka yeye mwenyewe akaogopa. Kiisha ikaoza ndani. Na zile za sasa zilizofungwa kabisa, sawa ile mupya yake, usizifungue hata kidogo, hazikuomba kitu.

Hata kushika ile asidi, uheshimu. Mwaka yangu ya kwanza ku batri, matone ilinirukia ku kikwembe, kitenge yangu, na sikuona. Asidi haina haraka. Inangojea sabuni. Nikafua kikwembe, nikaipiga pasi, nikaenda nayo ku kanisa, nilipopiga magoti nikasikia upepo fasi upepo haikupaswa kufika. Toka siku ile, mikono mu mpira, miwani ku macho, ndoo ya maji karibu, na kikwembe ya zamani.

Sasa turudie. Kalenga alikuwa na batri mbili, moja ikafwata ingine, na ugonjwa ni moja. Njo fasi muntu anapaswa kuanza kuwaza labda mugonjwa haiko batri.

Papa Numbi angetumia balbu kidogo ya taa ya kugeukia. Mimi pia nilifanya na balbu miaka yote, kiisha binti yangu akaniletea multimetre, chombo ya kupima umeme. Mwanzoni niliiweka chini ya kitambaa, nikasema sitaulizaka plastiki. Leo nisingeitoa hata kwa ng'ombe. Batri iliyoshiba, ikiwa imepumzika kidogo bila kuguswa, inaonyesha volti kumi na mbili na nusu na kupanda. Ikishuka chini ya kumi na mbili, iko na njaa. Ukifinya buto, inashuka, ni kawaida, lakini isipite chini ya kenda na nusu. Na injini ikiwaka ukiongeza mafuta, ipande karibu na kumi na ine. Isipopanda, injini haiichaji, na batri mupya haitakusaidia kitu. Ikipita kumi na tano, inaipika.

Ya Kalenga ilikuwa chini ya kumi na mbili. Nikaiweka ku charge polepole, juu batri ya pikipiki haipendi kulishwa na haraka. Iliposhiba nikaiacha ku meza mpaka kesho, haikufungwa na kitu. Kesho yake ilikuwa bado inasimama. Basi haivuji ndani. Nikairudisha, tukawasha, tukaongeza mafuta: kumi na ine, muzuri. Basi injini inailisha. Nikazima kila kintu, nikatoa waya nyeusi, nikaweka kale ka balbu ka zamani katikati ya waya na kichwa ya batri. Kama kuna kintu kinakunywa umeme kwa siri, alarme ao taa ya marembo, balbu itawaka. Haikuwaka. Nikaweka na multimetre pia, juu umeme kidogo sana inaweza kudanganya balbu. Hakuna.

"Kambo, sasa shida iko wapi?" akasema Kalenga.

"Sijui. Leo pikipiki italala kwangu."

Ililala kwangu. Asubui alifinya buto mara moja tu, ikawaka, kuku zikaruka. Akacheka, akatazama pikipiki, kiisha kicheko ikakatika mu uso yake. Nikajua anawaza nini mbele ya kusema.

"Ni ule muzee. Anafunga batri yangu. Kambo, ni bulozi."

Nikamwambia aondoe batri tena. Nikamuita ku mwangaza.

"Bulozi haiachaka alama ya meno," nikamwambia. "Tazama."

Bichwa bya batri ni plomb, risasi, chuma laini, ukiikwaruza na ukucha ya chuma inabaki na alama. Ku kila kichwa, pembeni, chini ya fasi ya bolti, kulikuwa mistari midogo inang'aa, ikipangwa sawa meno ya panya. Meno ya pense, ile bikoleo bidogo bya kubana waya. Zingine zilikuwa za zamani zimekuwa nyeusi. Zingine zilikuwa zinang'aa sawa sahani. Na skrubu ya kifuniko ilikuwa imefunguliwa na kufungwa mpaka rangi yake iliisha. Na si mimi.

Mwadi alikuya kwangu siku ile, akileta kitambaa yenye mama yake alinitumia. Nikamuuliza, bila kumutazama sana, papa yake anafanyaka nini mangaribi courant, umeme ya nyumba, ikikatika.

"Anasikiliza radio, Kambo. Mupira na habari. Anafunga mulango ya chumba, hataki kusumbuliwa."

"Na inatumikaka na nini?"

"Na mabuye ya radio, anasema."

"Radio ya namna gani?"

"Ile ya gari, mu sanduku ya mbao. Inasikika mpaka kwa bajirani."

Radio ya gari haikulaka yale mabuye madogo ya torshi. Radio ya gari inakula batri. Kalenga na mimi tukatazamana. Mwadi akatutazama sisi wawili, akashika kinywa na mikono, na mabega yake ikaanza kutingishika.

Kalenga hakucheka. Alisema anaenda saa ile ile ku Bel-Air. Miezi yote ile muzee anamusimamia na chai, anamuita mwanaume wa kusukumwa, kumbe ni yeye anakamua. Nikamuacha aseme yote. Kiisha nikamwambia, ukimushitaki utakuwa na haki, na hautakuwa na muke. Muntu anaweza kuoa kwa muzee aliyemuchukia. Kwa muzee mwenye yeye alipatisha haya mbele ya bantu, hapana.

Akasema basi, usiku wa mbele ya siku ya kujitambulisha pikipiki ilale kwako, iwake, iishe. Nikakataa. Kwanza, utaikimbiza pikipiki mpaka lini? Pili, ukimunyima muzee mupira mangaribi ile, kesho yake atakataa hata maji ya kunawa.

"Sasa nifanye nini?"

"Nani njo shibukombe yako?"

Kwa bale habajui: shibukombe ni muntu anayepeleka maneno ya kijana kwa bazazi ba binti. Na kule maneno haiendake moja kwa moja. Shibukombe hasemi tunataka mutoto wenu. Anasema tuliona ua, ao kuku yetu ilipotea na tumesikia inalia hapa. Na baba ya binti anajibu na njia ile ile ya kuzunguka. Maneno yenye ingeleta vita mu barabara, pale inapita na heshima, juu hakuna aliyeisema. Kalenga akasema alikuwa amewaza manseba yake, ndugu ya mama yake. Nikamwambia manseba yake aende, aikale, akule. Maneno nitasema mimi.

Siku ikafika. Pikipiki ilikuwa imelala ku Bel-Air kama kawaida. Tuliikala mu parcelle ya Papa Kabange ku viti vya plastiki, sisi upande huu, bakwe upande ule, munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, mu ndoo nyeupe katikati, pikipiki karibu na ukuta. Kalenga alikuwa na shati ya mukopo, jasho imeshaikubali. Hata bajirani balikuwa ku ukuta, na mumoja aliniambia polepole iko tayari kusukuma, alivaa viatu ya kufaa.

Papa Kabange hakungojea hata tupashe kinywa maji. Akasema: "Neno yangu munaijua. Mbele ya yote, kijana awashe."

Kalenga akasimama. Nikamushika shati, akaikala.

"Papa," nikasema, "atawasha. Lakini sisi bageni tuko na swali moja, tunaomba ruhusa."

Muzee akaitika na kichwa.

"Tuko na mutoto wetu moja, analalaka hapa kwenu. Tunamuleta mangaribi, ameshiba, iko na sauti. Asubui tunamukuta na njaa mpaka anashindwa kutaja jina yake, bajirani banamushika mikono. Hatulaumu muntu. Tunataka tu kujua desturi ya hapa. Huku kwenu, mugeni njo analishaka mwenye nyumba?"

Manseba ya Kalenga akakohoa, juu hakuelewa kitu na aliwaza nimeharibu. Mama Mwadi alikuwa na kikombe mukononi; akaiweka polepole, akaanza kutazama sana mbwa. Papa Kabange alinitazama. Macho yake ikaenda ku pikipiki, ku kile kifuniko ya pembeni, ikarudi.

"Huyo mutoto wenu," akasema, "alilalamika?"

"Hapana papa. Alilelewa muzuri. Ila iko na alama ya meno ku kichwa."

"Labda mbwa."

"Mbwa wa hapa tunamujua, anaumaka ku miguu. Na hii meno iko ya shaba."

Muzee akachukua munkoyo yake, akakunywa yote, bila kupumua. Mimi niliogopa, niseme ukweli. Kama angesimama, tulikuwa tunarudia ku mulango, na Kalenga na shati ya bantu. Mwadi alikuwa nyuma ya pazia, niliona vidole yake inashika kitambaa.

Papa Kabange akaweka kikombe, akapangusa kinywa.

"Mugeni akilala kwa muntu muda murefu," akasema, "haitwi mugeni tena. Iko mutoto ya nyumba. Na mutoto ya nyumba anasaidia kazi kidogo."

"Asante papa," nikasema mbio, mbele hajapata nafasi ya kuirudisha. "Bote mumesikia. Mutoto ya nyumba."

Bamama bakapiga bigelegele. Muzee akafungua kinywa, akaona yenye alisema, akaifunga. Pale pale uso yake ikafanya kintu chenye sikuwa nimekiona, pembe moja ya kinywa ikapanda. Akasema lakini neno yake ya kwanza ingali inasimama, kijana awashe.

Kalenga akaenda, akafinya. Tak-tak-tak. Kimya. Bajirani ba ku ukuta bakaanza kuruka kuya kusukuma.

"Mubakie kule," akasema Papa Kabange.

Akasimama. Akakunja mikono ya shati yake, ule mukono na ule. Akaenda nyuma ya pikipiki, akashika chuma ya kiti, akamwambia Kalenga aweke vitesse, gia, ya pili na aache kutetemeka. Na ule mwanaume mwenye miezi yote alikuwa anatazama na chai, akasukuma mukwe yake mu parcelle, akatoka naye ku mulango, mpaka ku kona. Tulisikia pikipiki inakohoa, tukasikia inawaka. Alirudi anapumua sawa treni, akaikala, akasema sasa tuzungumze.

Ilipofika ku zawadi ya baba, koti na viatu kama desturi, akasema koti ndiyo. Viatu hapana, iko na ya treni, haichoke.

"Fasi ya viatu," akasema, akitazama mbali, "mulete batri. Ya kamiyo. Na ikuye imeshiba."

Tulileta. Niliichaji mimi mwenyewe. Toka pale pikipiki ililala ku Bel-Air mpaka siku ya ndoa, na kila asubui iliwaka na kidole moja.

Sasa juzi, mbele nimalize kuachia binti yangu meza, Papa Kabange alifika kwangu na pousse-pousse, kigari ya kusukuma, batri yake ndani imefunikwa na gunia. Akasema haina nguvu. Akilala radio iko inaimba, asubui hata kushituka haishituki. Akasema na sauti ya chini, hataki kulaumu muntu, lakini mukwe yake anajua kazi ya waya.

Nikaisikiliza, nikainusa, nikaipima. Kiisha nikaigeuza ku mwangaza na kumuita karibu. Ku kichwa kulikuwa meno ya pense yake, makubwa. Na chini yake kulikuwa meno ingine, madogo, ya pense ya kuchaji telefone, imepangwa na usafi sawa muntu anashona.

"Kalenga na bibi yake beko na nyumba yao ku Ruashi," nikamwambia. "Ku Bel-Air munalala bangapi?"

Alipitisha kidole juu ya ile meno madogo. Akaona bibi yake pale, ninawaza, na telefone yake, na ile dada yake ya Likasi yenye banaongea naye kila siku.

"Iko na dawa?" akaniuliza.

"Kuuliza mu nyumba, papa."

Akarudisha gunia juu ya batri, polepole, sawa anafunika mutoto.

"Ichaji tu," akasema.